Vitabu vya kutengeneza tovuti na programu, nianze na kipi? Niko Moshi, hela ni ya kimoja tu

Dogo wa Pasua

Wakuu habari zenu, na wanaostahili shikamoo naomba waipokee. Niko Moshi, Pasua, nimemaliza diploma ya kompyuta mwaka huu na nataka kutengeneza tovuti na programu ndo iwe kazi yangu, sio kitu cha kubahatisha. Chuoni tulisoma kwa notsi na slaidi, vitabu vyenyewe hatukuvigusa, na video za YouTube zinanimalizia bando halafu nikiangalia naona nimeelewa vizuri tu, nikija kukaa peke yangu mbele ya laptopu sijui hata nianzie wapi.

Sasa nimeanza kutafuta vitabu. Kaka yangu kaniachia kimoja cha Python, ile lugha ya kuandikia programu, kinene, kimetunzwa, ila mifano yake nikiiandika kama ilivyo mashine inagoma, tena kuanzia pale kwenye print, amri ya kuonyesha maandishi, mstari wa kwanza kabisa. Halafu kuna jamaa anauza vitabu vya mtumba ana vya Dreamweaver na Flash, zile programu za kutengenezea tovuti na picha zinazocheza, kwa bei ya kutupa. Ndo najiuliza, hivi vitabu vya teknolojia vina maana kununua wakati vitu vinabadilika kila leo? Na kama vina maana nianze na kipi, maana hela iliyopo ni ya kimoja, nikijibana sana viwili. Kingereza nasoma naelewa ila taratibu. Naombeni mnisaidie jamani.

Chalii wa Njiro

Dogo karibu sana kwenye fani. Mimi nipo Arusha, natengeneza tovuti za kampuni za utalii na kazi hii nimeijua kwa vitabu, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Hivyo vya Flash achana navyo hata akikupa bure. Adobe waliizima Flash mwisho wa mwaka 2020 na brauza zote zimeitoa, kwa hiyo vilivyomo mle huna pa kuvitumia. Dreamweaver yenyewe bado ipo lakini kitabu kinachokuelekeza ubonyeze wapi kwenye programu fulani, likitoka toleo jipya tu kimekwisha. Hapo ndo pa kuwa makini, kuna kitabu kinafundisha kifaa na kuna kitabu kinafundisha kazi yenyewe. Kabla hujatoa hela fungua kurasa za mwanzo, pale penye maandishi madogo madogo ambayo watu wanayaruka, angalia mwaka na toleo. Usiangalie jalada, jalada ni la kuuzia.

Nikupe mfano wa kitabu ambacho kipo katikati. Jon Duckett ana HTML and CSS, kilitoka 2011 (HTML ndo inaweka vilivyomo kwenye ukurasa, CSS inavipamba na kuvipanga). Kwa anayeanza mimi sijaona kinachokifikia, kila ukurasa una picha na rangi, maneno machache, mtu anayesoma Kingereza taratibu anaenda nacho vizuri kabisa. Ila sasa ni cha 2011, kwenye kupanga ukurasa anafundisha kwa float, na siku hizi tunapanga kwa flexbox na grid, hiyo grid imeingia Chrome, Firefox na Safari mwaka 2017. Je kitabu kimekufa? Hapana aisee. Sura za HTML, maandishi, rangi, fomu, picha, majedwali, zote zinafanya kazi mpaka leo hii kwa sababu wavuti ina sifa moja ambayo mimi naipenda mno, haiui vya zamani. Zile kurasa za mwanzo za Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, CERN wamezirudisha hewani na ukizifungua na simu yako sasa hivi zinasomeka bila tatizo lolote. Programu gani nyingine ya miaka ile unaweza kuifungua kirahisi hivyo? Kwa hiyo cha Duckett ukikipata soma, ukifika kwenye sura ya layout iruke, nenda MDN, tovuti ya marejeo ya watengeneza tovuti, kasome flexbox na grid, ni bure na wanaihuisha kila wakati.

Mwingine ni Ethan Marcotte. Huyu ndo aliandika makala mwaka 2010 kisha kitabu 2011, Responsive Web Design, akasema acheni kutengeneza tovuti ya kompyuta na nyingine ya simu, tengenezeni moja inayojipanga yenyewe kulingana na kioo, vipimo vya kunyumbulika, picha zinazojipunguza na media query, yaani amri ya CSS inayoangalia ukubwa wa kioo, basi. Sikwambii ukinunue, mambo yake yameshaingia kwenye kila somo la CSS, ila wazo lake lishike maana huku kwetu ndo panapouma. Chukua hizi tovuti za safari za hapa Arusha. Mtu anapachika picha ya tembo wa Tarangire kama ilivyotoka kwenye kamera, MB kadhaa, na zipo nyingi ukurasa wa mbele, zinazunguka. Bosi anaiangalia ofisini kwenye waifai anasema safi sana. Dereva wake yuko njiani Karatu anataka kumwonyesha mgeni kambi watakayolala, ukurasa haufunguki. Mgeni mwenyewe yuko kwao anaangalia kwa simu akiwa kwenye treni, naye anaona kiduara kinazunguka anahamia kampuni nyingine. Hakuna anayepiga simu kulalamika, anaondoka tu na hela yake.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza Duckett. Cha pili subiri wengine waseme.

Kijana wa Sakina

Vitabu vya nini tena wakuu zama hizi, unaiuliza akili mnemba inakutengenezea tovuti nzima hapohapo. Mi sijasoma kitabu hata kimoja na wateja ninao. Dogo hela yako nunulia bando.

Mwalimu wa Tengeru

Kijana wa Sakina nakuheshimu lakini hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Mimi nafundisha programu kwenye chuo kimoja huku Arusha na hiyo akili mnemba naitumia kila siku, siikatai. Lakini inajibu ulichouliza, na anayeanza hajui cha kuuliza. Iambie ikutengenezee fomu ya mgeni kubuki safari, utapata fomu nzuri. Sasa alichoandika mgeni kinaingiaje kwenye databesi, kimeunganishwa moja kwa moja kwenye amri ya SQL, ile lugha ya kuongea na databesi, au kimetenganishwa? Nywila zinatunzwa kama zilivyo au zimepitishwa kwenye hashi, yaani zimegeuzwa zisisomeke? Picha za pasipoti umeziweka kwenye folda ambayo mtu yeyote akijua anwani anazifungua? Mtu aliyesoma anaiona kasoro kwa kuipitia mara moja, asiyesoma anaipeleka hivyohivyo hewani, na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo taarifa za wageni zikivuja hauishii kuaibika tu mbele ya mteja.

Sasa dogo nije kwako. Kitabu cha kaka yako ni cha Python 2, sina hata haja ya kukiona. Python 3 ilitoka Desemba 2008 na moja ya mabadiliko yake ni kwamba print sasa inataka mabano. Python 2 iliachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, hawaitengenezi tena. Mambo ya orodha, vitanzi, funksheni yaliyomo mle bado ni yaleyale, na mtu mzoefu anakisoma akirekebisha kichwani, lakini anayeanza akikwama hajui kama amekosea yeye au kitabu ndo cha zamani, na hiyo inakatisha tamaa sana, nimeona vijana wengi wazuri wakiacha kwa sababu hiyo tu. Kiweke kabatini. Soma Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart, mwandishi mwenyewe amekiweka kwenye tovuti yake kinasomeka chote bure. Ninachokipendea ni kwamba hakikufundishi kwa mifano ya hewani, unajifunza kubadilisha majina ya mafaili mengi kwa mpigo, kusoma na kuandika Excel, kuchezea PDF. Hapo Moshi saccos na maduka ya jumla yamejaa mafaili ya Excel ambayo mtu anakaa siku nzima kuyajumlisha kwa mkono. Ukimaliza sura ya Excel unaweza kwenda kumsaidia mtu kazi ya kweli wiki hiyohiyo.

Na kama unataka kujua kompyuta yenyewe ni kitu gani, maana vyuoni tunapita haraka mno hapo, tafuta Code cha Charles Petzold. Kilitoka 1999 na toleo la pili 2022. Anaanza na watoto wawili majirani wanaotaka kuongea usiku kwa kumulikiana tochi, anakwenda kwenye Morse, breli, balbu, swichi, relei, na polepole anakujengea kompyuta nzima mkononi mwako, hakuna mahali anapokwambia amini tu. Nakisoma tena kila likizo. Hakikupi kazi kesho lakini ukishakielewa hakuna kitu cha kompyuta kitakutisha tena maishani. Kina Kingereza cha taratibu, hana maneno ya kujionyesha.

Mama Tovuti

Mwanangu mimi niko hapahapa Moshi, Soweto. Hela yako ya kitabu kimoja ningeipeleka kwa Steve Krug, Don't Make Me Think. Kilitoka mwaka 2000, toleo la tatu 2014, chembamba, unakimaliza kwa siku mbili tatu hata ukisoma taratibu. Wenzangu hapo juu wamekufundisha mashine, huyu anakufundisha mtu. Anasema mtu akifungua ukurasa hausomi, anaupitisha macho, akikutana na kitu cha kwanza kinachofanana na anachotafuta anakibonyeza, hata kama sicho. Ukishakubali hilo unabadilika kabisa unavyopanga kazi yako.

Na anakupa dawa rahisi mno, mkalishe mtu mbele ya tovuti yako, mpe kazi ya kufanya, halafu wewe funga mdomo uangalie. Watu wachache tu wanatosha kukuonyesha matatizo makubwa. Nilimkalisha shangazi yangu anayeuza nafaka Mbuyuni, nikamwambia mama tafuta humu namba ya simu ya hawa watu. Ile menyu ya vistari vitatu hakuigusa kabisa, yeye aliona ni urembo. Akashuka mpaka chini, akapanda, akaniuliza sasa hawa watu hawana duka? Namba ilikuwa ndani ya menyu. Tangu hapo tovuti zangu zote namba ya simu na ya WhatsApp inakaa juu kabisa, inaonekana bila kubonyeza kitu, na wateja wamenishukuru.

Ila usome ukijua mifano yake ni ya Marekani, kapu la manunuzi, kadi ya benki, kioo kikubwa. Huku ujiongeze. Mimi huwa nawaambia vijana kabla hujaiga tovuti za nje kaichunguze menyu ya kutuma hela kwenye simu ya kitochi. M-Pesa imeingia Tanzania mwaka 2008 na mama ambaye hajawahi kushika kompyuta anatuma hela mwenyewe, kwa nini? Kila hatua inauliza swali moja, machaguo ni machache na yana namba, na kabla hela haijatoka inakuonyesha jina la mpokeaji uhakikishe. Hakuna rangi, hakuna picha, na watu wameweza. Sasa nenda kaangalie fomu zenu za kujisajili zina visanduku vingapi kwenye ukurasa mmoja.

Kitu kingine, jaribu kazi yako kwenye Opera Mini, brauza ya simu, ikiwa kwenye hali yake ya kubana data sana. Hapo ukurasa unapitia kwenye seva zao unabanwa ndo unakuja kwako, na JavaScript, ile lugha inayofanya ukurasa uitikie mtu akibonyeza, inafanya kazi kidogo tu. Tovuti iliyojengwa yote kwa JavaScript inaweza kuja nyeupe. Watu wanaobana bando wapo wengi, na ndo wateja.

Dogo wa Pasua

Jamani nashukuru mno, sikutegemea. Kwa hiyo Python 2 ndo mchawi wangu, sasa nimeelewa. Mama Tovuti nitakitafuta hicho cha Krug. Nina maswali mengine, hivi vya bure mnavyosema nitavisomaje bila kuwa na bando muda wote? Na kuna grupu la Telegram wanagawa PDF za vitabu vyote hivi hata vya kulipia, mnasemaje? Na JavaScript hamjaitaja.

Mzee wa Seva

Telegram achana nayo mdogo wangu. Kwanza ni jasho la mtu lile, wewe kesho utauza programu zako na hutapenda zigawiwe hivyo. Pili mafaili yenyewe mengi ni ya hatari, unaambiwa kitabu unafungua unakuta ni .exe au zip yenye nywila, na laptopu ndo hiyohiyo moja unayoitegemea. Tatu huna sababu, maana vya bure vya halali vipo na ni vizuri kweli.

JavaScript soma Eloquent JavaScript cha Marijn Haverbeke, kipo bure kwenye tovuti yake, toleo la nne ni la 2024, unakidaunlodi PDF au EPUB mara moja unakaa nacho. Nikuonye tu, sio chepesi. Sura za mwanzo zinaenda vizuri halafu anaongeza kasi, kwa hiyo usikianze kabla hujatengeneza kurasa kadhaa kwa HTML na CSS, na mazoezi ya mwisho wa sura fanya, usiyapite, humo ndo kuna kitabu chenyewe. Git nayo, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya kodi yako, ujifunze mapema, Pro Git cha Scott Chacon na Ben Straub kipo bure hivyohivyo, sura tatu za mwanzo zinakutosha kwa muda mrefu tu. Git imetengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005 na sasa hivi ukienda kuomba kazi wanataka waone kazi zako umezitunza kwa Git.

Kuhusu bando, kuna programu inaitwa Kiwix. Unadaunlodi Wikipedia au marejeo mengine mara moja, faili ni kubwa kwa hiyo fanya ukiwa sehemu yenye waifai au mkopi kwa mtu mwenye nayo, baada ya hapo unasoma bila intaneti kabisa. Na tovuti ya DevDocs inakuruhusu kuhifadhi maelezo ya HTML, CSS, JavaScript na Python ndani ya brauza, umeme ukiwepo unasoma hata kama huna MB hata moja. Mimi kwenye mashine zangu zote ninayo.

Kuna watu watakwambia nunua Clean Code cha Robert Martin. Sio sasa. Kilitoka 2008, mifano yake mingi ni ya Java, na kuna ushauri mle ambao wazoefu wanabishana nao mpaka leo. Utakisoma ukishakuwa na programu kubwa ya kwako ya kukisomea.

Ila kimoja kiweke moyoni kwa baadaye utakapoanza kufanya kazi na wenzako, The Mythical Man-Month cha Fred Brooks, 1975. Huyu mzee alisimamia OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa pale IBM, mradi mkubwa sana kwa wakati ule, na kilichomuuma ni kwamba programu ikishachelewa ukiongeza watu inachelewa zaidi, kwa sababu wapya lazima wafundishwe na waliokuwa wanafanya kazi, na mazungumzo yanaongezeka kuliko mikono. Anasema mimba ni miezi tisa hata ukiwapa wanawake wangapi. Nimeona mradi mmoja umechelewa, bosi akaleta vijana wengine kwa furaha kabisa, na wale wawili waliokuwa wanaujua mfumo wakageuka walimu, hakuna aliyeandika mstari wiki nzima. Kitabu kina miaka hamsini hivi na bado kinasema kweli kuhusu ofisi ya jana.

Kijana wa Sakina

Mwalimu ile habari ya nywila na SQL imenikaa kichwani, nimeenda kuangalia kazi ya mteja mmoja sasa hivi. Hayo mambo ya usalama nayasoma wapi?

Mwalimu wa Tengeru

Vizuri sana kijana. Anza na OWASP, ni taasisi ya usalama wa programu za wavuti, ipo tangu 2001, kila kitu chao ni bure. Wana orodha yao ya hatari kumi kubwa, soma hiyo kwanza upate picha. Halafu wana kurasa fupi za maelekezo, moja kwa kila jambo, tafuta ya kutunza nywila na ya kuzuia SQL injection, yaani mtu kupenyeza amri zake kwenye databesi kupitia fomu yako. Ya SQL unaimaliza kwa kikao kimoja, inakuonyesha amri mbovu na amri nzuri kwa lugha mbalimbali. Kwenye PHP, lugha ya upande wa seva, utakuta kinachotakiwa ni prepared statement, yaani amri ya SQL iliyotenganishwa na alichoandika mtu, na nywila tumia password_hash iliyomo ndani ya PHP yenyewe, usibuni ya kwako. Rekebisha kwanza ile ya mteja, hii nyingine endelea taratibu.

Mama Tovuti

Dogo na wewe usisome peke yako. Tafuta mwenzako mmoja hapo Pasua, mmoja anasoma kwa sauti mwingine anaandika kwenye mashine, sura ijayo mnabadilishana. Anayesoma ndo anaona koma iliyosahaulika. Na hicho Kingereza kinapanda chenyewe.

Chalii wa Njiro

Dogo cha Duckett usinunue. Ninacho hapa ofisini Njiro na vijana wangu wote wameshakimaliza, nakuachia. Hela yako peleka kwenye cha Krug kama mama alivyosema, hakikisha tu ni toleo la tatu maana ndo lenye habari za simu. Nitumie namba yako inboksi leo kabla ya usiku, kuna mtu wangu anashuka Moshi kesho asubuhi na Coaster atakupigia akifika stendi.